Aliyewalaza Wengine

Ukitaka kumuudhi Matroni, ungemwambia kwamba wazee hawahitaji usingizi mwingi. Angeacha alichokuwa anafanya, angeshika kiuno na kukutazama kuanzia miguuni, kama alivyotutazama sisi zamani tulipochelewa mstarini. "Nani kakwambia?" angeuliza. "Mzee anautaka usingizi kuliko wewe. Haupatagi tu. Kukosa kitu siyo kutokukitaka." Nilimsikia akimwambia hivyo kijana mmoja wa zahanati aliyekuja kuwapima wazee presha, na yule kijana akasema samahani mama, ingawa hakuwa na hakika amekosea wapi.

Tulimwita Matroni kwa sababu ndiye alikuwa matroni wetu katika shule ya bweni ya wasichana, kule upande wa Butiama. Alipostaafu akahamia Buhare, pembeni mwa mji wa Musoma, jina likamfuata. Wazee waliomzidi umri walimwita Matroni, mchungaji alimwita Matroni, hata muuza maziwa. Sidhani kama nusu yao walijua jina alilobatizwa, na mimi ninayelijua sioni sababu ya kulitaja sasa ambapo hayupo.

Kazi yake ya uzeeni ilikuwa kuwalaza wazee. Sijui niiteje vingine. Jua likishapoa, wazee wa Buhare na wengine waliotoka Iringo, tunakoishi sisi, walikusanyika kwenye banda la mabati la kanisa linalotumika kwa shule ya Jumapili, kila mmoja na mkeka au kiti chake, na Matroni akawafanyisha mazoezi. Hayakuwa ya kutoa jasho. Walisimama wameachanisha miguu kidogo, wakainua mikono polepole mpaka usawa wa mabega huku wakivuta pumzi, kisha wakaishusha huku wakiitoa. Walihamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu kwenda ule, kama mtu anayejaribu tope kabla ya kukanyaga. Waligeuza shingo, wakalegeza taya. Mwisho walilala chali, au walikaa kama mgongo unakataa, na yeye akawapitisha mwilini kiungo kwa kiungo, tangu vidole vya miguu hadi kwenye kope, akikiamuru kila kimoja kilegee. Neno ni hilo, aliamuru, maana sauti yake haikujua kubembeleza.

"Goti la kushoto, legea. Nimesema legea. Mzee, hilo goti lako linabishana na mimi."

Mzee alicheka, na goti likalegea kwa kucheka.

Sehemu hiyo ya mwisho sisi wanafunzi wake tuliijua tangu bwenini. Wasichana wapya walipolilia kwao, Matroni alipita katikati ya vitanda vya dabodeka akaamuru miguu yetu ilale kwanza, halafu mapaja, halafu tumbo. Akili aliiacha mwisho kabisa. Alisema akili ni kama mgeni mwenye maneno mengi, haagi mpaka aone wenyeji wote wameshalala. Yale ya kusimama na kupumua aliyapata baadaye, kwa mtaalamu wa viungo aliyemtibu goti hospitali, akayachanganya na yake mpaka hata yeye hakujua lipi lilitoka wapi.

Mwanzoni watu hawakumwelewa. Kwetu mtu akisikia mazoezi anafikiria vijana wanaokimbia asubuhi barabarani wakiimba. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori alikuja siku ya kwanza na raba mpya na taulo shingoni. Alipoona wenzake wanainua mikono taratibu kama watu wanaoanika nguo alikaa kando, amenuna. "Matroni, mazoezi gani haya bila jasho? Hii si ni kama kumsubiri mtu stendi?"

"Ndiyo," Matroni akasema. "Tunausubiri usingizi. Ukiukimbiza na hizo raba zako, unakimbia."

Mzee wa kanisa naye alikuja kuulizia, kwa sura ya kazi, ni roho gani hiyo wanayoivuta wakiwa wamefumba macho. Akaambiwa ni hewa, ile ile anayovutaga yeye akitaka kusema sala ndefu. Hakufurahi. Lakini haukupita muda mrefu akarudi na mkeka wake kwapani, akasema mke wake ndiye kamtuma, na tangu hapo hakukosa. Matroni hakumtania hata mara moja. Alikuwa mkali kwa ulimi, ila kwa mtu aliyekubali kuwa amechoka alikuwa mpole kupita kiasi, akimtandikia mkeka mwenyewe na kumwekea kanga iliyokunjwa chini ya kichwa.

Kosa lake kubwa, ambalo alilisimulia mwenyewe bila kulazimishwa, lilikuwa la ng'ombe. Matroni alikuwa mtoto wa wavuvi, wa vijiji vile vya rasi vilivyozungukwa na ziwa, na wengi wa wazee aliokuwa anawalaza walikuwa watu wa ng'ombe, wa Butiama na Kiabakari, walioletwa mjini na watoto wao baada ya kuishiwa nguvu. Aliona hawalali kwa sababu mwili ulishazoea kulinda zizi. Maisha yao yote walilala sikio moja liko nje, wakisikiliza wezi wa mifugo. Sasa hapa mjini, nyumba ina geti na mbwa wa jirani, sikio bado liko nje. Basi akawaambia kwamba wakifika nyumbani na kujilaza, wafumbe macho, wawaone ng'ombe wakiingia zizini, wawahesabu taratibu mpaka usingizi uwachukue.

Kesho yake walikuja macho mekundu.

"Matroni, umetuua," alisema mzee mmoja wa Butiama, mtu mrefu mwenye fimbo. "Kwetu ng'ombe hawahesabiwagi. Ukihesabu unaita wezi, unaita na magonjwa. Mimi nimeanza, nikaogopa, nikaachia katikati. Sasa nikawa sijui wameingia wote ama kuna aliyebaki nje. Nimekaa macho mpaka jogoo."

"Sasa mnajuaga vipi kama wametimia?"

"Si unawaangalia? Kila mmoja unamjua rangi yake. Asiyekuwepo unamuona."

Matroni alikiri kwamba yeye alijua samaki, na samaki huwa hawarudi nyumbani kwa miguu. Akawaomba wamfundishe. Toka siku ile wakawa wanawaingiza ng'ombe wao kwa rangi, kila mmoja kwa pumzi yake: mweupe, mwekundu mwenye paji jeupe, yule wa madoadoa aliyekuwa mkorofi. Ng'ombe wa mwisho akishaingia walivuta magogo ya mlangoni kwa mikono yote miwili, polepole, moja juu ya jingine, wakapumua. Wazee wote kwa pamoja wakifunga zizi ambalo halikuwepo. Watu waliopita barabarani walisimama kutazama, na ninavyokumbuka hakuna aliyecheka.

Mvuvi wa dagaa alimpa zoezi lake peke yake. Dagaa huvuliwa giza likiwa totoro, kwa taa, kwa hiyo yule mzee alilala vizuri mwezi ukiwa mkubwa, ila mwezi ukipotea alikaa kitandani mwili unasubiri kuitwa mtumbwini. Wenzake walidhani amerogwa. Matroni alimwelewa kabla hajamaliza kueleza, maana baba yake mwenyewe aliishi hivyo. Akamfanyisha kuvuta nyavu, mkono baada ya mkono, mpaka ziishe, halafu akamrudisha nchi kavu na kumwambia avue koti.

Na mama yangu. Baba alipofariki tulimtoa mama kijijini, nje kidogo ya Butiama, tukamleta kwangu Iringo. Hakulala. Alitembea koridoni, akafungua mlango wa nje, akasimama kusikiliza ng'ombe ambao ndugu walishagawana. Mimi nikaenda duka la dawa nikanunua vidonge. Vilimlaza, ni kweli, ila vilimwangusha pia akiwa anaenda msalani, akaumia paji la uso, na asubuhi alinitazama kama mtu asiyenifahamu. Hapo ndipo mteja mmoja wa duka langu la vitambaa aliponiambia kuna mama Buhare anawalaza wazee bila dawa. Nikampakia mama kwenye bajaji. Tulipofika nikamkuta Matroni, nywele nyeupe, mgongo umenyooka vilevile.

"Shikamoo Matroni."

"Marahaba." Akaniangalia kuanzia miguuni. "Wewe ulikuwa kitanda cha dirishani. Ulikuwa unakoroma."

"Anakoromaga mpaka leo," mama akasema, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mtu wa nje tangu msiba.

Haikuwa miujiza. Mama alienda wiki nyingi kabla sijaona tofauti, na siku nyingine alirudi nyuma. Lakini kidogo kidogo akaacha kufungua mlango. Asubuhi moja alikuja jikoni jua limeshapanda, shavu lina alama za mto, akasema, "Nimelala hadi nimejishangaa." Niligeukia sufuria ili asinione ninavyolia. Kwa hilo peke yake nilimpenda Matroni na nitampenda.

Alikuwa na mambo yake yasiyoeleweka. Aliwakataza wazee chai ya rangi kuanzia mchana, na yeye alikuwa na chupa ya chai kali chini ya kiti, jioni, mbele yao. Aliwakataza kuongelea magonjwa ndani ya banda, halafu akawapigia simu mmoja mmoja kuwauliza kama wamepata choo. Alisema hapendi watu wanaolialia, na msiba wowote Buhare alikuwa wa kwanza kuketi na wafiwa. Na wakati wote wa mazoezi, hata pale wazee wote walipokuwa chini, wamelegea, mmoja wawili wameshaanza kukoroma, yeye hakujilaza wala kufumba macho. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango akiwatazama. Nilipomuuliza mama kama Matroni mwenyewe hulala, mama akasema, "Huyo? Anasinziaga kama kuku, basi. Ameniambia mwenyewe."

Sisi wa shule ile tulijua kwa nini. Tukiwa kidato cha pili, mwenzetu mmoja, binti wa Kiabakari, alipatwa na homa kali jioni. Gari la shule lilikuwa bovu, na usafiri mwingine usingepatikana mpaka kuche. Matroni alimpa dawa iliyokuwepo, akakaa naye kwenye kiti, akimkanda kwa kitambaa cha maji. Karibu na alfajiri akasinzia. Alipozinduka, binti ameshakata roho. Daktari alisema malaria ilikuwa imeshapanda kichwani na kwamba hata kama Matroni angekuwa macho hakuna ambacho angefanya pale bwenini. Shule haikumlaumu, wazazi hawakumlaumu. Asubuhi ile nilimuona amekaa kitako pembeni ya kile kitanda, kitambaa bado kiko mkononi, maji yanadondoka kwenye sketi yake na yeye haoni.

Toka siku hiyo hakulala tena kama watu wanavyolala. Na bado alitulaza sisi, mwaka baada ya mwaka, na akastaafu akaenda kuwalaza wazee wa watu. Nilimwonea huruma, lakini zaidi nilimkasirikia. Niliona anatugawia chakula na yeye anakufa njaa kwa makusudi. Wengi tulikuwa na tamaa hiyo moja, kwamba kabla Mungu hajamchukua, Matroni apate kulala hata mara moja kama alivyotulaza sisi. Mama aliiombea kwenye sala za jioni, akimtaja baada ya wajukuu.

Siku moja alikuja bandani mama mmoja mgeni, ameletwa na mwanakwaya wa pale Buhare. Nilimtambua kabla hajakaa, maana nilikuwa Kiabakari siku tulipomzika mwenzetu, na sura ya mama anayezika mtoto haisahauliki. Alitandika mkeka nyuma kabisa. Akainua mikono, akashusha, akafunga zizi pamoja na wengine. Matroni alikuwa amemuona. Sauti yake haikubadilika, ila alirudia goti la kulia mara ya pili kana kwamba amesahau ameshalitaja.

Watu walipoanza kukunja mikeka, yule mama akamwendea.

"Habari za miaka, Matroni."

Matroni akamwitikia kwa jina la marehemu, Mama fulani, kama tunavyowaita akina mama kwa watoto wao wa kwanza. Nadhani hakuna aliyekuwa amemwita hivyo muda mrefu, kwa jinsi alivyofumba macho kidogo.

"Nimesikia haulalagi," yule mama akasema.

Matroni akamvutia kiti.

"Nimekuja nikwambie mimi nalalaga. Nililia, nikalia, ikafika siku nikalala. Baba yake naye alikuwa analala mpaka alivyokufa. Sisi tuliomzaa tunalala, Matroni. Sasa wewe unamkeshea nani?"

Kila mtu bandani aliinamia mkeka wake. Matroni akamshika yule mama mikono yote miwili, akamshukuru kwa kuja, akamwambia Kiabakari ni mbali kwa mtu mwenye miguu mibovu. Kisha akamsindikiza mpaka barabarani na kusimama naye hadi bajaji ikapatikana.

Sote tulitarajia kwamba usiku ule atalala. Kesho yake mama yangu ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kumuuliza. "Eeh, umelala?"

"Nimejaribu," Matroni akasema. "Nimejilaza, nikaanza na miguu. Ilivyoanza kulegea nikaona kama natoroka. Nikaamka nikachemsha chai."

Mama alirudi nyumbani akasema tusimsumbue tena.

Miaka ya mwisho magoti yalimkataa kabisa, mtoto wa mdogo wake akamchukua akaishi naye Bunda. Mzee wa kanisa alijitahidi kuliendeleza banda, lakini hakuwa na ile sauti, na wazee wakapungua, wengine kwa kuchoka na wengine kwa kufa. Mama yangu aliendelea peke yake sebuleni, akifunga zizi lake mbele ya televisheni iliyozimwa. Halafu akaugua, na hakuugua sana. Tulimzika Butiama, karibu na baba.

Baada ya kuanua matanga sikuweza kurudi dukani. Nilipanda gari nikaenda Bunda. Nilimkuta Matroni uani, kwenye kiti cha plastiki, amekonda, fimbo katikati ya magoti. Macho yake yalikuwa na wekundu wa mtu asiyelala.

"Mama amefariki, Matroni. Amekwenda alfajiri, usingizini."

Aliinamisha kichwa. Kisha akauliza, "Nani alikuwa naye?"

"Mimi. Nilikuwa kitanda cha pili, chumba hichohicho. Nimeamka nimpe uji, nakuta ameshaenda."

"Na wewe ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimelala," nikasema, na nilijisikia nikisema kama mshtakiwa.

"Sasa huwezi kulala."

"Siwezi."

Aliniambia nisogee. Akanishika kidevu, mwanamke mzima mimi, akanigeuza nimtazame. "Sikiliza. Mgonjwa hafi kwa sababu mtu amesinzia. Ungekuwa macho ungemuona anaenda, basi, hiyo ndiyo tofauti yenyewe. Hakuna kitu ulichomnyima mama yako. Unanisikia? Hakuna ulichomnyima."

Watu wengi walikuwa wamenipa pole, na hakuna aliyekuwa ameniambia hilo. Nililia mpaka nikaona haya. Nilipotulia nikamuuliza, taratibu, kama hayo maneno hayamhusu na yeye.

"Ni maneno ya kweli," alisema. "Kwangu hayaingii. Nimeyajaribu."

Akaita aletewe mkeka, ukatandikwa kivulini kando ya kiti chake, akaniamuru nijilaze. Sauti ilikuwa imeisha, ilikuwa kama mtu anayeongea kutoka chumba kingine, lakini miguu yangu iliijua. Ilimtii kabla yangu. Nakumbuka alipofika tumboni, sikumbuki zaidi.

Nilipoamka kivuli kilikuwa kimefika ukuta wa pili. Nilikuwa nimefunikwa kanga, na Matroni alikuwa amejikokota na kiti chake mpaka karibu na kichwa changu, akinifukuzia nzi kwa ncha ya kitenge. Sikuwa nimewahi kumuona ana furaha namna ile.

"Umelala," akasema. "Umekoroma, hadi wameuliza kuna nini."

Nilikaa, nikakung'uta mkeka, nikautandika vizuri, nikaweka kanga iliyokunjwa mahali pa kichwa. "Sasa zamu yangu kukaa kwenye kiti, Matroni. Jilaze kidogo. Mimi nitakuangalia, sitasinzia."

Aliutazama ule mkeka kwa muda mrefu sana. Akanyoosha hata mkono mmoja, nikaushika, nikajua sasa anainuka. Mkono ulikuwa mwepesi. Halafu akaurudisha juu ya fimbo.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Bado sijapokelewa zamu yangu ya usiku ule."